Nyumbani Kwetu Hatuli

Mkuza, Kibaha
Masika, 1976

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na uipokee kwa wingi wa siku zote ambazo sikupata kukuamkia. Natumaini barua hii itakukuta umesimama mwenyewe, na lile goti la kushoto linakuruhusu kuinama shambani bila kushika mti. Huku mvua hazijakatika. Nasikia barabara ya kutoka Kisarawe kuja Maneromango imekuwa tope tupu, na kwamba lori la mwisho lililojaribu kupita lililala njiani likingojea jua. Kwenye ramani iliyotundikwa ofisini kwetu naweza kuifunika Kibaha na Maneromango kwa kiganja kimoja. Hata hivyo sijauona uso wako tangu kabla ya Ramadhani, na wapo watu waliohamia Mwanza ambao wamewaona mama zao mara nyingi kuliko mimi.

Sisi kwa afya hatujambo. Mkwe wako Athumani anakuamkia. Bado anafanya kazi Dar es Salaam na bado anapanda basi la alfajiri. Mjukuu wako Zuhura ameota meno mawili mapya ya mbele, na sasa anasoma kila kilichoandikwa, hata magunia ya mbolea.

Shabani, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama: nakuomba usome yote, wala usifupishe. Naijua tabia yako ya kusema, "Anasalimia, hajambo, mengine ni ya kawaida." Haya si ya kawaida. Yapo yatakayokuchekesha. Cheka, kisha urudi usome.

Mama, ujumbe wako niliupata kwa Shangazi Tatu, aliposhuka hapa akielekea Mlandizi msibani. Hakukubali hata kuketi. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti yako kabisa: "Mama yako kasema hivi: kama kumlisha mtoto kunakushinda, mlete. Yeye bado ana chungu." Nikamwuliza habari hizo zilifikaje Maneromango wakati huu ambapo hata lori halifiki. Akanitazama kwa huruma. "Lori halifiki, mwanangu. Miguu inafika."

Tangu siku hiyo nimeanza kukujibu mara kadhaa, na kila mara nikajikuta naandika utetezi. Nimeichana karatasi, nikaanza upya. Leo nitajaribu kukueleza jambo lilivyokuwa, halafu nikujibu kuhusu mtoto, kwa kuwa hilo ndilo uliloniuliza.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu. Nazunguka vijijini nikifundisha akina mama chakula bora: kipi hujenga mwili, kipi huulinda, kipi huutia nguvu. Mwaka huu nimekuwa zaidi Dutumi. Wanawake wa huko wanakwenda shamba la kijiji asubuhi, wakitoka huko wanakwenda mashamba yao, kisha maji, kisha kuni, na jioni ikiingia mtu hana mkono wa kutwanga kisamvu. Walinieleza hivyo siku ya kwanza, tena kwa ukali. Kwa hiyo tulitengeneza pamoja mapishi ya chungu kimoja: kunde zilizolowekwa tangu usiku, mhogo au viazi, majani yoyote yaliyopo, tui likimiminwa mwishoni. Mama anaweka chungu kwenye moto mdogo, anafua, anarudi, chakula kiko tayari. Walikipenda. Kiongozi wa kikundi chao, Mama Tabu, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno yake, alikuwa akinitania kwamba nikizeeka wataniita Bibi Chungu.

Na nyumbani kwangu, mama, hakukuwa na chungu.

Naandika hivyo wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka. Athumani anaondoka kabla ya jua. Mimi nafuatia na gari la ofisi. Zuhura akitoka shule anachukua ufunguo kwa jirani, anakuta chupa ya chai, mkate uliopakwa siagi, pengine yai la kuchemsha, pengine ndizi. Jioni sote tunarudi tumechoka, tunateremsha birika, tunakunywa chai tena kwa mkate au mihogo ya kukaanga ya barabarani. Siku za Jumapili tu ndipo tulipokuwa tukipika. Nilikuwa nimejipigia hesabu yangu ya kitabuni: yai hili, maziwa haya, tunda hili. Kwa hesabu hiyo mtoto alikuwa anakula vya kutosha, na sina hakika hata leo kwamba hesabu ile ilikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali ambapo sikuwa nimepatazama.

Jirani yetu Mzee Pazi ndiye balozi wa nyumba kumi zetu. Zuhura hucheza na wajukuu zake. Siku moja mchana, mke wake, Bi Chausiku, aliwaita watoto wote kwenye sinia la ugali na kisamvu, na Zuhura akala kwa namna iliyomfanya bibi huyo aache kula amtazame. Mazungumzo yaliyofuata Bi Chausiku alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Mjukuu wangu, leo kwenu mnapika nini?"

"Kwetu hatupiki."

"Leo?"

"Siku zote. Tunapika Jumapili."

"Sasa mnakula nini?"

"Hatuli. Tunakunywa chai."

"Na jioni?"

"Jioni tunakunywa chai tena."

"Jana je?"

"Jana hatukula. Baba alikuwa amechoka, mama alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa sijachoka, lakini hatukula."

Mama, wewe hutauliza mtoto alimaanisha nini. Hivyo ndivyo ulivyotulea kusema. Nilikuwa nikirudi nyumbani tumbo limejaa embe na korosho za kuchoma, ukiniuliza kama nimekula, nakujibu bado, nawe unanipakulia bila kushangaa. Kula kwetu ni ugali au wali, au bada la mhogo, na kitoweo chake, watu wameketi. Mkate ni chai. Yai ni la kupitisha muda. Zuhura alisema kweli tupu kwa Kiswahili cha nyumba uliyonikuza mimi. Lakini mwaka huu unga umeadimika, na mabalozi wameambiwa waangalie nyumba zenye shida. Mtoto anaposema mwaka kama huu kwamba nyumbani kwao hawali, balozi atafanya nini?

Mzee Pazi hakuniuliza. Nadhani aliona haya kumwuliza mtumishi wa serikali kama ana njaa. Alipita nyumba kwa nyumba.

Ilikuwa Jumamosi. Mama Tabu na wenzake wawili walikuwa wamekuja Mkuza kwa mkutano wa akina mama, wakaona wasirudi Dutumi bila kumsalimu mwalimu wao. Niliwatandikia mkeka barazani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, nami niliwakaribisha chai na mkate. Nilimwona Mama Tabu akikigeuzageuza kile kipande cha mkate mkononi kama mtu anayetafuta upande wa kuanzia. Sikuelewa. Nikaendelea kuzungumza juu ya kunde.

Ndipo ikaja hodi. Mzee Pazi alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Nyuma yake mkewe, na nyuma ya mkewe majirani wawili wamebeba vikapu.

"Ndugu Afisa," akasema akiwa amesimama wima kama yuko mkutanoni, "hatukuja kukuaibisha. Unga mwaka huu umekuwa shida kwa kila mtu, sembuse mtumishi ambaye hana shamba. Sisi wa nyumba hizi tumekaa tukasema, haiwezekani jirani yetu akalala na njaa sisi tupo. Pokea hiki kidogo. Unga, makopa, kunde za huyu mama, na nazi."

Nikamwambia, "Mzee wangu, ahsante, lakini hapa hakuna njaa."

"Sasa mtu mwenye heshima zake atasemaje?" akajibu jirani mmoja taratibu, akimwambia mwenzake. "Lazima aseme hakuna."

Mama Tabu akaweka mkate wake chini. "Ehee! Mwalimu! Kumbe hicho chungu kimoja unachotufundisha, mwenyewe huna?"

"Mwacheni," akasema mwenzake, "anakifundisha kwa kukikumbuka."

Walicheka, mama. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu wanaokupenda. Kama ningecheka nao, jambo lingekwishia pale, tukapika, na leo nisingekuwa na barua ya kukuandikia. Sikucheka. Nilimwita Zuhura.

Nilimwuliza mbele ya wote, kwa sauti ninayoitumia kazini: "Zuhura, kwa nini umekwenda kusema uongo kwa watu?"

"Sikusema uongo, mama."

"Asubuhi hukula?"

"Nilikunywa chai."

"Na mkate?"

"Na mkate. Lakini sikula."

Hakuna mtu pale barazani ambaye hakuelewa. Mzee Pazi alielewa, nikaona jinsi alivyoshusha macho. Wanawake wa Dutumi walielewa. Na mimi nilielewa, mama, hilo ndilo linalonichoma: nilielewa vizuri kabisa, kwa kuwa ndiyo lugha yangu mwenyewe, na bado nikasema, "Huo ni uongo. Waombe radhi wakubwa zako."

Akasimama katikati ya mkeka, mikono nyuma kama darasani. "Nisameheni. Nilisema uongo. Kwetu tunakula."

Mzee Pazi alikohoa, akasema basi, kama ni mchezo wa kitoto, si kitu. Hakujua sasa avifanyeje vile vikapu. Bi Chausiku ndiye aliyetuokoa, au alijaribu. Alivichukua akaingia navyo jikoni kwangu bila kuomba ruhusa, na baada ya muda tukamsikia akiita kutoka ndani: "Mwanahamisi! Hizi sabuni zilizomo kwenye sufuria niziweke wapi?"

Ni kweli. Sabuni ilipoanza kuadimika nilinunua ya akiba, na chombo kikubwa kisichokuwa na kazi nyumbani kilikuwa sufuria. Safari hii hata Mzee Pazi alishindwa kujizuia. Wanawake wakainuka wote wakaenda kumsaidia, chakula kikapikwa, tukala pamoja, na kilikuwa kitamu. Zuhura alikula tonge chache, akanawa. Alipoulizwa alisema ameshiba.

Hayo ndiyo yaliyokufikia kwa miguu. Nadhani yalikufikia bila ile sehemu ya katikati, kwa sababu waliokuwapo ni watu wa heshima na hawawezi kuisimulia. Nimeiandika mimi.

Sasa nikuambie tulivyo tangu hapo, usije ukadhani tumekaa tu. Tumebadilisha. Kunde zinalowekwa usiku. Majani anatuuzia Bi Chausiku kutoka bustani yake, yakiwa yamekwisha chambuliwa. Siku ninazokwenda Dutumi, ambako tope hulishika gari hata jua likachwa, Athumani ndiye anayefika kwanza, na ndiye anayepika. Ndiyo, Shabani, umesoma sawasawa: shemeji yako anapika. Anakuna nazi akiwa amekaa kwenye mbuzi uani, mbele za watu. Wanaume wa mtaa walimpigia kelele juma zima. "Bwana Athumani, limbwata hilo umetiliwa kwenye chai?" Naye akawajibu, "Limbwata lenyewe njaa. Nyie mmetiliwa nini mpaka mnakaa mnamngoja mtu aliyechoka?" Mmoja wao alikuja baadaye, kimya kimya, kuuliza kunde hulowekwa kwa muda gani.

Kwa hiyo jioni sasa tunakula, kwa maana yako na yangu ya neno hilo. Mchana bado ni shida, lakini chakula cha jana humsubiri Zuhura kwenye bakuli lililofunikwa. Ningekuwa natoa taarifa ya kazi ningeandika kwamba tatizo limetatuliwa.

Lakini mtoto amebadilika. Sasa ukimwuliza kama amekula anasema amekula. Wakati wote, kwa mtu yeyote, na haraka, kabla swali halijaisha. Siku moja nilirudi mapema nikalikuta bakuli limefunikwa vilevile nilivyoliacha. Nikamwuliza, akanijibu, "Nimekula, mama. Nimeshiba." Bakuli lilikuwa mbele yetu sote wawili. Sikupandisha sauti, nimejifunza hilo angalau. Nikamwuliza kwa nini anasema hivyo na chakula hiki hapa. Alitazama chini, akasema, "Ili watu wasije."

Nimekaa na neno hilo, mama. Nimesoma sana juu ya watoto wasiopata chakula, na sikumbuki kusoma mahali popote juu ya mtoto aliyefundishwa kuficha njaa ili kumfichia mama yake aibu. Huenda nalikuza. Athumani anasema nalikuza, kwamba watoto husahau, na pengine yeye ndiye anayeona sawasawa. Mimi mwenyewe siku nyingine nafikia uamuzi kwamba kazi hii na kulea haviwezi kukaa nyumba moja. Kesho yake nakumbuka kuwa wewe ulilima kutwa nzima, baba akiwa hayupo, na hatukuwahi kukosa chungu, kwa hiyo si kazi yenyewe. Kisha nakumbuka kwamba shamba lako lilianzia nyuma ya nyumba, na kwamba nyanya alikuwapo kuchochea moto, na Athumani na mimi hatuna mtu wa kuchochea moto. Kila uamuzi ninaoufikia hukaa siku moja tu. Lililobaki mahali pake ni kwamba nilijua mtoto anasema kweli, nikachagua jina langu.

Nilipopata ujumbe wako, jambo la kwanza nililohisi ni hasira, na la pili lilikuwa kuwaza watu watasemaje: afisa wa lishe amempeleka mwanawe kijijini akalishwe. Niliona ni aibu ileile, inataka tena nimtumie mtoto kujifunika. Kwa hiyo sikukataa. Na sikukubali pia, kwa kuwa niliogopa ninakubali ili kujiadhibu, na Zuhura si fimbo ya kunichapia. Mwisho nilimwuliza mwenyewe kama angependa kwenda kukaa na bibi yake Maneromango. Aliniuliza, "Kule watu wakija si vibaya?" Nikamwambia kule watu huja kila siku, na bibi huwapakulia. Alifikiri. Akasema atakwenda, ila tusimpe mtu mwingine kitanda chake.

Basi jibu langu ni hili: ndiyo. Nitamleta mimi mwenyewe, barabara ikianza kupitika, shule zikifungwa. Nguo zake nimekwisha anza kuzitenga. Nitafika, nitakuamkia, na unayotaka kuniambia utaniambia, lakini nakuomba univute pembeni, mtoto asisikie.

Nisalimie Mjomba, umwambie dawa ya mikorosho anayoitafuta nimeiulizia na bado haijafika. Umsalimie mke wa Shabani na mimba yake. Nasikia anachagua vyakula, na sitamtumia ushauri wowote, apewe anachokitaka. Umsalimie Shangazi Tatu akirejea kutoka Mlandizi, umwambie ujumbe aliufikisha bila kupunguza hata neno. Umsalimie na yule mwalimu wangu wa darasa la kwanza, kama macho yake bado yanamtambua mtu. Shabani, wewe ahsante kwa kusoma hadi hapa. Maji ya kunywa yako karibu nawe, kunywa.

Mama, sitakuandikia arudi lini. Utajua wewe. Usimpime uzito, wala usinitumie habari kwamba amenenepa. Hayo hata mimi nayaweza. Mwulize tu kila siku kama amekula. Mwanzoni atakuambia amekula, naye hajala, nakuomba usibishane naye, mpakulie kama vile hukusikia. Siku atakapokuja jikoni kwako mwenyewe, na watu wamejaa uani, akakuambia bila kutazama chini, "Bibi, mimi sijala," siku hiyo umtume yeyote mwenye miguu aje kuniambia, nami nitakuja kumchukua mwanangu.

Mwanao anayekuomba radhi,

Mwanahamisi